Ukiwapeleka watoto Turkana, tazama mawingu ya mbali

Shule zinapofungwa swali huwa ni lile lile katika kila nyumba: watoto tuwapeleke wapi? Mwenye uwezo huwapeleka Mombasa. Mwenye wazazi mashambani huwatuma kwa nyanya yao. Lakini je, umewahi kufikiria kuwapeleka wanao Turkana?

Usicheke. Hata mimi nilicheka baba watoto aliponitajia safari hiyo. Kisha nikakumbuka kwamba kule Marekani familia hupakia watoto, masufuria na matandiko katika gari lililoundwa kama nyumba, wakaenda kulitazama Grand Canyon, korongo ambalo kina chake kinapita kilomita moja na nusu. Sisi hatuna gari la aina hiyo. Tulikuwa na Nissan kuukuu. Tuling'oa viti vya nyuma, tukatandika magodoro, tukafunga mitungi ya maji, tukaingiza jiko na unga. Nyumba ikawa tayari. Abiria wetu walikuwa wawili: kifungua mimba wa miaka minane na mdogo wake wa miaka minne.

Korongo letu lipo

Ukitoka Kitale, unapita Kapenguria, kisha barabara inateremka kuelekea Marich. Hapo milima hukubana huku na huku, na watoto hunyamaza wenyewe bila kukemewa. Kabla ya kufika Kainuk kuna njia ya kwenda korongo la Turkwel. Mto huu huanzia Mlima Elgon ukiitwa Suam, nao ndio unaopita Lodwar ukielekea Ziwa Turkana. Katikati ya korongo, kati ya mwaka wa 1986 na 1991, kulijengwa bwawa la umeme ambalo ukuta wake uliopinda una kimo cha mita 153. Hapo si uwanja wa michezo, kwa hivyo omba ruhusa mapema kabla ya kwenda, na mshike mtoto mkono.

Jambo jingine: sehemu ya kati ya Kainuk na Lokichar imewahi kusumbuliwa na majangili na wezi wa mifugo. Uliza hali katika kituo cha polisi kabla ya kuondoka, safiri mchana, na ukiambiwa ungoje, ngoja.

Joto halina mzaha

Lodwar ni mji wa jua. Mchana joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara. Usingoje mtoto aombe maji. Mpe kidogo kidogo kila mara. Mtoto anayecheza husahau kiu, na anaponyamaza na kulegea huwa amekwisha kuchelewa. Usimwache ndani ya gari lililofungwa hata kama unaingia dukani kununua kiberiti tu. Tulijifunza kusafiri alfajiri, kulala saa za adhuhuri chini ya mti, na kuendelea jioni kabla giza halijaingia.

Lakini mji huu una mengi ya kumweleza mtoto. Hapa ndipo Mzee Jomo Kenyatta alipozuiliwa kuanzia 1959 hadi 1961. Na kaskazini zaidi, huko Nariokotome, Kamoya Kimeu alivumbua mwaka wa 1984 mifupa ya mvulana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Wataalamu wengi hukadiria kwamba alifariki akiwa na umri wa miaka minane au tisa. Kifungua mimba wetu aliposikia hayo aliuliza, "Mama, mama yake alikuwa wapi?" Sikuwa na jibu.

Usiku ule Kakuma

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120. Wengi huijua Kakuma kwa sababu ya kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka wa 1992. Kambi si mahali pa kutembelea kama mbuga ya wanyama. Wanaoishi mle ni watu, na mgeni huhitaji kibali. Sisi tulibaki nje, karibu na laga ya Tarach.

Msomaji, usiyeijua laga, hebu niieleze. Ni mto usio na maji. Ni mchanga mweupe, laini, mpana kama barabara, na kando yake miti yenye kivuli. Mwenye watoto akiuona huona kitanda na uwanja wa kuchezea. Tuliegesha Nissan mchangani, watoto wakavua viatu, nikawasha jiko.

Hatua chache kutoka pale alikuwapo mama mmoja mzee, akichota maji kwa kikombe kutoka kisima alichokichimba mchangani. Alipojaza mtungi wake alikuja kwetu.

"Mama, toa watoto hapa," akaniambia.

Baba watoto akatazama juu. Hapakuwa na wingu hata moja juu yetu. "Mvua iko wapi, mama?" akauliza.

Yule mama hakubishana. Alielekeza mkono magharibi, kwenye milima ya upande wa Uganda, ambako radi zilikuwa zikimetameta mbali sana, bila sauti. "Hiyo ni yenu," akasema.

Nakiri kwamba nilinung'unika nikizima jiko. Tulipanda ukingoni, tukaegesha mbali na laga, tukala ugali uliokwisha kupoa. Saa tatu usiku tulisikia kishindo kama cha lori nyingi. Asubuhi maji ya rangi ya matope yalikuwa yakipita palepale tulipotandika mkeka, yakibeba magogo. Mdogo wetu aliuliza kiatu chake kimoja kilikwenda wapi. Nilimkumbatia tu.

Si Turkana pekee

Mambo haya hutokea popote penye korongo. Mwezi wa Agosti 1997, watalii 11 walikufa katika korongo la Antelope, Arizona, kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali na walipokuwa. Hapa kwetu, korongo la Hell's Gate, Naivasha, liliua vijana wa kanisa waliokuwa matembezini Aprili 2012, na Septemba 2019 likaua watu saba.

Basi ukienda, shika haya. Usilale ndani ya laga wala usiegeshe gari humo, hata kama mchanga ni mkavu kama unga. Ukikuta laga imejaa, kama ile ya Kawalase pale Lodwar, usijaribu kuivuka. Ngoja ipungue, hata ikiwa ni siku nzima. Beba maji na chakula cha ziada kwa ajili ya kungoja huko. Na kila jioni, kabla ya kutandika, waulize wenyeji.

Yule mama tulimtafuta asubuhi tumpe sukari na majani ya chai, tusimwone. Tulimwachia mwenye duka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Kwetu sisi mambo yaligeuka: ni wageni tuliopona kwa ajili ya mwenyeji.