Baiskeli Iliyoegemea Ukuta

Katika mtaa wa Armenian mjini George Town, kwenye kisiwa cha Penang nchini Malaysia, kuna baiskeli kuukuu iliyogandishwa ukutani. Baiskeli yenyewe ni ya chuma. Waliopanda ni wa rangi tupu: dada mtu ameshika usukani, mdogo wake amemng'ang'ania kwa nyuma, wote wawili wamefurahi kupita kiasi. Ukirudi nyuma hatua chache, unahisi baiskeli inakujia.

Mchoraji wake ni Ernest Zacharevic, mzaliwa wa Lithuania, aliyeichora mwaka 2012 kwa ajili ya tamasha la sanaa la mji huo. Miaka minne kabla, yaani 2008, UNESCO ilikuwa imeiingiza George Town katika orodha ya Urithi wa Dunia kwa sababu ya mitaa yake ya kale, yenye nyumba ambazo chini ni duka na juu ni makazi. Lipu za kuta hizo zimechakaa na kubanduka. Zacharevic hakuzificha, aliacha uchakavu uwe sehemu ya picha.

Jambo kubwa alilofanya ni kuuachia nafasi mwili wa mpita njia. Watu wanakuja kuikamilisha picha: huyu anajifanya anasukuma, yule anakimbia nyuma akipiga kelele asubiriwe. Picha zake nyingine mjini humo ni za namna hiyo: mtaa wa Ah Quee una pikipiki kuukuu ya kweli, nayo imepandwa na mvulana wa rangi. Kwenye mtaa wa Cannon mvulana mwingine amesimama juu ya kiti, amejinyoosha kufikia tundu lililo juu yake. Hata mtu mzima mwenye haya zake hujikuta anacheza mbele ya ukuta.

Mchezo huo una gharama. Rangi inapauka kwa jua, mvua na mikono ya watu, na uchochoro uliokuwa kimya sasa una foleni ya wapiga picha. Hata hivyo, ni heri picha ichakae kwa kuguswa kuliko kuzungushiwa uzio. Ikizuiwa isiguswe, imepoteza kazi yake.

Si kila mji ulicheka. Mwaka 2013, huko Johor Bahru, mji ulio karibu na bustani ya michezo ya Legoland, Zacharevic alichora kwenye kona ya jengo. Upande mmoja mwanamke wa Lego anatembea na mkoba wake. Upande wa pili kibaka wa Lego amejibanza na kisu, anamsubiri. Kona yenyewe ndiyo iliyobeba kisa chote, maana mwanamke haoni kinachomngoja na mtazamaji anakiona. Baraza la mji lilihofia sura ya mji kuchafuka, likaifuta kwa rangi nyeupe.

Lilichelewa. Wakazi walishaipiga picha, ikasambaa intanetini na kuchapishwa kwenye fulana, na suala la usalama wa mitaani likazungumzwa nchi nzima.