Safari ya kadi ya mgonjwa katika matabaka ya programu

MGONJWA anayefika katika kituo cha afya mahali kama Kibugu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya katika Kaunti ya Embu, huona jambo moja tu. Karani anamuuliza jina na nambari yake, anabonyeza vitufe, na maelezo yake yanatokea kwenye skrini.

Asichokiona ni njia ambayo swali hilo fupi limepitia kabla ya kujibiwa. Katika mifumo mingi ya rekodi za afya inayotumika humu nchini, swali hushuka matabaka matatu ya programu, kila tabaka likiwa na kazi yake, na jibu hupanda tena kwa njia iyo hiyo. Mpangilio huo ndio unaoamua iwapo mfumo utadumu miaka ishirini au utatupwa baada ya miwili.

Mkulima wa kahawa atauelewa upesi. Anapopeleka matunda mabivu kiwandani, yeye hukutana na karani wa mizani. Hashuki hadi kwenye mashine ya kumenya maganda wala kwenye matangi ya kuchachushia. Mashine nayo haijui jina la mkulima, na haina haja ya kulijua. Mizani ya kale ikiondolewa na kuwekwa ya kielektroniki, matangi hayaguswi.

Si mifumo yote iliyojengwa hivyo tangu mwanzo. Mnamo Februari 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia tarakilishi kuweka rekodi za wagonjwa wa kawaida. Mfumo huo, uliotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ulitungwa kwa programu ya Microsoft Access, na ulikuwa miongoni mwa mifumo ya kwanza ya aina yake katika vituo vya afya vya mashambani kusini mwa Sahara.

Ulifanya kazi. Lakini mwaka huo huo mpango wa AMPATH wa kuwatibu watu wenye virusi vya Ukimwi ulianzishwa Eldoret, na idadi ya wagonjwa ikapanda kwa kasi. Hapo udhaifu wa mifumo ya namna hiyo ukajitokeza. Iwapo kila swali la daktari lina safu yake katika jedwali, basi kila swali jipya hudai safu mpya, fomu mpya na mtaalamu wa kuyatengeneza yote mawili. Na iwapo masharti ya tiba yamefichwa ndani ya fomu za skrini, anayegusa fomu hugusa pia tiba.

Mwaka 2004, Paul Biondich na Burke Mamlin wa taasisi ya Regenstrief mjini Indianapolis walifika Eldoret na kukuta hali hiyo. Badala ya kukitia viraka kilichokuwepo, waliamua kujenga upya. Waliungana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health, aliyekuwa akipambana na shida zinazofanana kwingineko, na kazi yao ikazaa OpenMRS, programu huria ambayo yeyote anaweza kuichukua bila malipo. Ilianza kutumika Eldoret mnamo Februari 2006, na baadaye mwaka huo huko Rwinkwavu, Rwanda.

Waundaji hao hawakuanza na ukurasa mtupu. Walitumia kiunzi kiitwacho Spring, kilichotokana na kazi ya Rod Johnson na ambacho toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2004. Kiunzi ni msimbo uliokwisha kuandikwa na kujaribiwa, unaobeba kazi zinazojirudia katika kila programu ya wavuti: kupokea ombi kutoka kwa kivinjari, kulipeleka panapohusika, kufungua na kufunga mawasiliano na hifadhidata. Mtunzi hujaza yale tu yanayohusu shughuli yake. Kiunzi vilevile humshawishi aweke kila kitu mahali pake, ingawa hakiwezi kumlazimisha.

Tabaka la chini kabisa ni la data. Hapa kuna majedwali ya hifadhidata ya MySQL, na juu yake msimbo ambao kazi yake ni kusoma na kuandika tu. Msimbo huo hutumia chombo kiitwacho Hibernate, kinachogeuza mistari ya jedwali kuwa vitu ambavyo programu inaweza kuvishika: mgonjwa, ziara, kipimo.

Ubunifu mkubwa wa OpenMRS uko hapa. Maswali ya daktari hayakupewa safu zake. Yaliwekwa katika kamusi ya dhana, ambamo “uzito”, “homa” na “idadi ya chembechembe za CD4” ni maingizo kama maneno ya kamusi yoyote. Jibu la kila swali huhifadhiwa katika jedwali moja refu, mstari kwa mstari, likitaja mgonjwa, dhana, siku na thamani. Kliniki ikitaka kuanza kuuliza swali jipya, msimamizi huongeza ingizo katika kamusi. Majedwali hayabadiliki hata kidogo.

Tabaka la kati ni la huduma, na ndilo lenye akili ya mfumo. Kanuni za kazi hukaa humu: mgonjwa asajiliwe vipi, nambari ipi ikubaliwe, nani aruhusiwe kusoma nini. Nambari za wagonjwa kwa mfano huweza kupewa tarakimu ya uhakiki mwishoni, inayokokotolewa kutokana na zile zilizotangulia. Karani akikosea tarakimu moja, hesabu haitalingana na nambari itakataliwa. Bila kinga hiyo, kosa dogo la kidole lingeweza kufungua faili ya mtu mwingine, na mtu huyo mwingine akapewa dawa zisizo zake.

Tabaka la juu ni la wavuti, yaani kurasa zinazoonekana. Ndani yake kuna mgawanyo mwingine mdogo ambao asili yake ni mwaka 1979, pale Trygve Reenskaug wa Norway, akiwa katika maabara ya Xerox huko California, alipopendekeza kutenganisha kielelezo cha kitu, sura yake kwenye skrini, na kidhibiti kinachopokea amri za mtumiaji. Wazo hilo limeenea katika viunzi vingi. Ushahidi, mfumo uliozaliwa Kenya mwaka 2008 kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi, ulikuja kujengwa juu ya kiunzi cha Kohana kilichofuata utaratibu uo huo.

Sheria inayoyashikilia matabaka haya pamoja ni fupi: la juu humwagiza lililo chini yake, wala la chini halijui lililo juu. Katika OpenMRS sheria hiyo haikuachiwa nidhamu ya watu peke yake. Msimbo wa huduma na ule wa wavuti umegawanywa katika mafungu mawili, na fungu la huduma hutungwa bila kuliona lile la wavuti. Mtunzi mvivu akijaribu kuchomeka mambo ya skrini katika huduma, tarakilishi itakataa.

Faida ya haya yote ilidhihirika kanuni za tiba zilipoanza kubadilika. Wakati huo Kenya ilikuwa na KenyaEMR, mfumo uliojengwa juu ya OpenMRS na kuanza kusambazwa vituoni mwaka 2012 chini ya Wizara ya Afya. Fomu zake zilifuata kadi ambazo wauguzi walikuwa wamezizoea, ikiwemo MOH 257, ile kadi ya buluu ya wagonjwa wa virusi vya Ukimwi.

Mwaka 2010, Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) lilishauri kwamba mtu mzima aanzishiwe dawa za kupunguza makali ya virusi chembechembe zake za CD4 zikifika 350 au chini. Mwaka 2013 kiwango kilipandishwa hadi 500. Mnamo Septemba 2015 kiwango kiliondolewa kabisa: kila aliyepatikana na virusi aanze dawa. Kenya iliufuata mwongozo huo katikati ya mwaka 2016.

Hebu msomaji afikirie maana ya jambo hilo kwa mtunzi wa programu. Swali “je, huyu anastahili dawa?” huulizwa katika ukurasa wa daktari, katika orodha ya wanaosubiri, katika onyo linalomkumbusha muuguzi na katika ripoti ya kila mwezi. Kama kila ukurasa una nambari 350 iliyoandikwa ndani yake, ni lazima zote zisakwe moja baada ya nyingine, na ukurasa mmoja ukisahaulika utaendelea kumwambia muuguzi kuwa mgonjwa aliye mbele yake asubiri. Kanuni ikiwa imewekwa mara moja katika tabaka la kati, hubadilishwa mara moja, na kurasa zote huuliza pale pale.

Mabadiliko ya utawala yalikuwa mepesi zaidi. Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki hadi serikali za kaunti 47 zilipoanza kazi mwaka 2013. Kwa kuwa majina ya mahali ni data katika jedwali la chini, wala si maneno yaliyoandikwa ndani ya kurasa, mkoa na wilaya viliweza kuipisha kaunti bila msimbo kuchanwa.

Usiri nao hulindwa katikati, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mtu angedhani inatosha kukificha kitufe kwa asiyeruhusiwa. Haitoshi, maana anaweza kuingia kwa mlango mwingine, kama vile simu ya mkononi au programu nyingine iliyounganishwa. OpenMRS huweka ruhusa kwenye huduma yenyewe, hivyo milango yote hukutana na bawabu mmoja. Hata kufuta kuna utaratibu wake: rekodi ya mgonjwa huwekwa alama kuwa imebatilishwa, pamoja na jina la aliyeibatilisha, siku na sababu. Katika magonjwa ambayo bado yana unyanyapaa vijijini, kumbukumbu hiyo si jambo dogo.

Tena, sura imeweza kubadilika bila kuuhamisha moyo. Kurasa za mwanzo za OpenMRS zilitungwa kwenye seva na kutumwa zikiwa kamili kwa kivinjari. Katika miaka ya 2020 KenyaEMR imepata sura mpya iliyoandikwa kwa JavaScript, inayoomba data na kujichora yenyewe. Chini yake majedwali yale yale ya wagonjwa, ziara na vipimo yangali yakihudumu.

Hata hivyo, matabaka yana gharama, na wanaoyasifu mno huwa hawajawahi kuagizwa kuongeza kisanduku kimoja kwenye fomu. Kazi inayoonekana ya dakika tano hupita katika faili nne au tano, na kijana aliyetoka chuoni huweza kumaliza wiki kabla ya kujua aanzie wapi. Kwa programu ndogo ya kuhesabu kilo za majani chai za mkulima mmoja, mpangilio wote huu ungekuwa mzigo usio na faida.

Gharama kubwa zaidi ni kasi. Jedwali refu la majibu ni zuri kwa kupokea maswali mapya, lakini ni gumu kulitolea ripoti. Ili kujua wagonjwa wangapi walipimwa wingi wa virusi mwezi uliopita, mfumo hulazimika kupekua mistari mingi mno na kuipanga upya, na seva za vituo, ambazo mara nyingi ni tarakilishi ya kawaida iliyo katika chumba cha rekodi, hulemewa.

Kwa sababu hiyo watunzi wa KenyaEMR walifanya jambo ambalo vitabu vya fani hii hulikataza. Walijenga hifadhidata ya pili pembeni, yenye majedwali mapana, safu moja kwa kila swali, ambayo hujazwa kutoka kwa ile ya kwanza na kusomwa moja kwa moja na ripoti bila kupitia tabaka la huduma. Ripoti zikapata kasi. Lakini hesabu zinazojaza majedwali hayo zimeandikwa ndani ya hifadhidata yenyewe, kwa lugha tofauti na ile ya tabaka la kati, na ufafanuzi wa tiba ukibadilika sasa huenda ukahitaji kurekebishwa mara mbili: mara moja kwa ajili ya skrini anayoitazama muuguzi, na mara nyingine kwa ajili ya ripoti anayoipeleka kaunti mwishoni mwa mwezi.