Paul McCartney na Gitaa Lisilotakiwa na Mtu

Katika bendi yoyote ya magitaa, iwe ya dansi la Dar es Salaam au ya roki la Uingereza, kuna chombo ambacho kifua hukihisi kabla sikio halijakitambua, nacho ni gitaa la besi, ambalo kwa kawaida lina nyuzi nne nene zenye sauti ya chini kuliko magitaa mengine yote. Besi hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kwani hushikana na ngoma ili mwendo wa wimbo usiyumbe, na papo hapo hutaja noti ya msingi, yaani ile noti ambayo fungu zima la noti za gitaa la rithimu husimama juu yake. Mpiga besi akiibadilisha noti hiyo moja tu, wimbo wote hubadilika ladha, hata kama wenzake wanaendelea kupiga kile kile walichokuwa wakipiga. Pamoja na uzito wote huo, watu hutoka ukumbini wakimtaja mwimbaji na mpiga solo, na mpiga besi huachwa kule nyuma karibu na ngoma, asiulizwe hata jina.

Ndiyo maana miaka ya ujana ya Paul McCartney inastahili kutazamwa upya kutoka upande huo wa nyuma. Dunia inamjua kama mtunzi na mwimbaji wa The Beatles, kundi lililoutia muziki wa pop nguvu ya roki na kuufikisha kila bara, lakini tangu mwaka 1961 kazi yake ndani ya kundi hilo ilikuwa kupiga besi, na tabia yake, kwa mema yake na kwa kasoro zake, inaonekana wazi zaidi katika namna alivyolishika gitaa hilo kuliko katika picha na mahojiano yote ya wakati ule.

Alizaliwa Liverpool, mji wa bandari wa kaskazini-magharibi mwa Uingereza, tarehe 18 Juni 1942. Baba yake, Jim, alifanya kazi katika biashara ya pamba, na katika ujana wake alikuwa ameongoza bendi ndogo ya jazi iliyoitwa Jim Mac's Jazz Band, huku mama yake, Mary, akiwa muuguzi na mkunga ambaye mshahara wake ulikuwa nguzo ya nyumba. Jim hakumfundisha mwanawe piano kwa utaratibu wa darasani, bali alimfundisha kusikiliza: walipokuwa wakisikiliza muziki pamoja, alimwonyesha ile sauti ya chini inayotembea peke yake chini ya tarumbeta na kumwambia kwamba hiyo ndiyo besi. Kwa mtoto wa kawaida maelezo hayo yangepita kama upepo, lakini kwa McCartney yalifungua tabia ya kuusikia muziki kwa tabaka, kila sauti mahali pake.

Mary alifariki Oktoba 1956 baada ya kufanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti, mwanawe akiwa na miaka 14. Swali la kwanza lililomtoka kijana huyo ni namna familia itakavyoishi bila mshahara wa mama, na swali hilo likamuumiza kwa miaka mingi baadaye, ingawa kwa hakika ni tamko la mtoto aliyeshindwa kuufikia msiba wenyewe na badala yake akashika kilichokuwa karibu. Desturi hiyo ya kuifunika huzuni kwa jambo la kutendwa ilibaki naye, kwani watu waliofanya kazi naye wamemwelezea mara kwa mara kama mtu ambaye, likitokea la kutokea, hupendekeza kazi iendelee.

Kabla ya msiba huo alikuwa amepewa na baba yake tarumbeta, akaibadilisha dukani kwa gitaa la aina ya Zenith kwa sababu nyepesi kwamba mtu hawezi kuimba akiwa na tarumbeta mdomoni. Gitaa hilo lilimshinda mwanzoni, mpaka alipoona picha ya Slim Whitman, mwimbaji wa Marekani aliyekuwa mashoto, akagundua kwamba yeye naye, kwa kuwa ni mashoto, alipaswa kuligeuza gitaa na kuzipanga upya nyuzi zake, uzi mnene ukae pale uliokuwa mwembamba.

Tarehe 6 Julai 1957, katika sherehe ya kanisa huko Woolton, kitongoji cha Liverpool, alitambulishwa kwa John Lennon, aliyekuwa na bendi ya vijana iitwayo The Quarrymen, na baada ya muda mfupi akakaribishwa kujiunga kama mpiga gitaa. Oktoba mwaka huo alipanda jukwaani na bendi hiyo kwa mara ya kwanza, akapewa nafasi ya kupiga solo, na vidole vikamgomea mbele ya watu. Aibu hiyo ilimwingia kiasi cha kumfanya aamue kwamba solo si kazi yake. Uamuzi huu haupewi uzito unaostahili katika masimulizi mengi, ilhali ndio uliofungua nafasi kwa George Harrison, rafiki yake wa shule, kuja kuwa mpiga solo, ukamwacha McCartney katika rithimu, ambako tayari alikuwapo Lennon. Alikuwa kijana mwenye kipaji asiye na mahali pa kukaa.

Mahali pekee palipobaki, kwenye besi, palikuwa na mwenyewe. Stuart Sutcliffe, mchoraji na rafiki wa Lennon, alikuwa amenunua gitaa la besi kwa fedha alizozipata kutokana na kuuza mchoro wake, ingawa hakuwa mwanamuziki kwa asili. Agosti 1960 kundi, sasa likiitwa The Beatles, lilikwenda Hamburg, Ujerumani, kupiga muziki katika vilabu vya usiku, wakilala katika stoo nyuma ya jumba la sinema, karibu na vyoo, na kupiga kwa saa nyingi kila usiku hadi sauti zikakauka. Mwaka uliofuata Sutcliffe aliamua kubaki Hamburg kusomea sanaa, na mwezi Aprili 1962 akafariki kwa kuvuja damu kwenye ubongo, akiwa na umri wa miaka 21.

Sutcliffe alipoiacha nafasi yake ya besi, hakuna aliyeitaka. Miongoni mwa vijana wa wakati ule, besi ilihesabiwa kuwa gitaa la yule mnene anayesimama nyuma, ambaye wasichana hawamtazami, na McCartney mwenyewe amesimulia waziwazi kwamba mzigo huo ulimwangukia kwa kuwa wenzake wawili walikataa. Awali alijikimu kwa kulifunga gitaa la bei nafuu nyuzi zilizokatwa kwenye piano. Hatimaye, mwaka 1961, aliingia katika duka la ala za muziki mjini Hamburg, akanunua besi ya Kijerumani ya kampuni ya Höfner, ya mfano unaojulikana kwa namba 500/1, kwa takriban pauni 30 kwa kumbukumbu zake, wakati besi za Kimarekani zilikuwa na bei iliyompita kimo.

Gitaa hilo linahitaji kutazamwa kwa karibu, kwa maana umbo lake lilichangia aina ya mpiga besi aliyekuja kuwa. Mwili wake umechongwa mfano wa fidla na ndani yake ni mtupu, kwa hiyo uzito wake ni karibu nusu ya uzito wa besi zilizotengenezwa kwa kipande kizima cha mbao, na mtu anaweza kulivaa begani usiku kucha bila mgongo kulalamika. Urefu wa uzi unaotetemeka, yaani kutoka juu ya shingo hadi kwenye daraja linaloshikilia nyuzi, ni takriban sentimita 76, ilhali besi nyingi za Kimarekani zina sentimita 86, na tofauti hiyo ya sentimita 10 huwapa vidole wepesi wa kurukaruka kutoka noti moja hadi nyingine. Kilichompendeza zaidi kilikuwa jambo la macho: kwa kuwa fidla ina pande mbili zinazofanana, gitaa hilo halikuonekana limepinduliwa lilipovaliwa na mashoto. Kijana aliyejali sana namna anavyoonekana alipata chombo kisichomfanya aonekane kioja.

Hata hivyo ala nzuri haikutosha bila mitambo. Kundi lilipofika studio za EMI mjini London tarehe 6 Juni 1962, amplifaya ya McCartney, yaani mtambo wa kukuza sauti ya gitaa, ilinguruma vibaya kiasi kwamba mafundi walilazimika kumwundia nyingine papo hapo kwa kutumia spika kubwa iliyotolewa katika chumba kingine.

Ugumu wa kazi aliyoizoea katika miaka hiyo hauonekani kwa urahisi na msikilizaji. Mwimbaji anayepiga rithimu anaweza kuuacha mkono uende wenyewe, kwa kuwa mkono na wimbo hufuata mwendo mmoja, lakini mpiga besi anayeimba hulazimika kuendesha sauti mbili zisizofanana, moja kooni na nyingine vidoleni. Katika “I Saw Her Standing There”, wimbo wa kwanza wa albamu ya mwaka 1963, anaimba kwa nguvu huku besi ikikimbia chini yake bila kupumzika, na amekiri kwa uaminifu kwamba njia ya besi hiyo aliichukua kwa Chuck Berry.

Umaarufu uliofuata umeshaandikwa vya kutosha. Kilicho na utajiri zaidi ni kile kilichotokea 1965 na 1966, wakati ambapo wengi wangeridhika. McCartney alikuwa akisikiliza santuri za Motown za Detroit, ambako James Jamerson, mpiga besi ambaye jina lake halikuandikwa hata kwenye majalada, alikuwa akiifanya besi izungumze badala ya kuhesabu mapigo tu. Alikuwa pia akimsikiliza Brian Wilson wa The Beach Boys, na kutoka kwake akajifunza kwamba besi si lazima itaje noti ya msingi, kwani ikitaja noti nyingine ya fungu lile lile, wimbo hubaki ukining'inia na msikilizaji husubiri utue. Mwaka 1965 alipewa besi ya Rickenbacker, ya mbao nzima na yenye sauti iliyonyooka, na Aprili 1966, wakati wa kurekodi “Paperback Writer”, mafundi wa studio walichukua spika kubwa wakaitumia kinyume na kazi yake, kama maikrofoni, ili kuunasa mtetemo wa besi ambao santuri za Kiingereza zilikuwa zikiupoteza. Matokeo yake besi ikasogea mbele, ikasikika kama sauti ya pili ya mwimbaji.

Kufikia “Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band” ya 1967, mara nyingi alirekodi besi mwisho kabisa, usiku wa manane, wenzake wakiwa wamekwenda kulala, akirudia kipande kimoja mpaka kimridhishe. Hapo ndipo sikio lililofundishwa na Jim lilipofika kilele, kwa kuwa aliyebaki mwisho aliusikia wimbo mzima na kujua ni wapi pana pengo la kuzibwa.

Sikio hilo hilo likawa chanzo cha ugomvi. Mtu anayesikia kila tabaka hushindwa kunyamaza anapoona tabaka la mwenzake limekaa vibaya, na McCartney alikuwa na mazoea ya kuwaelekeza wenzake namna ya kupiga, kwa adabu, lakini bila kuchoka. Agosti 1968 Ringo Starr, mpiga ngoma, aliondoka kwa takriban wiki mbili akihisi hathaminiwi, na McCartney akakalia kiti chake kupiga ngoma za “Back in the U.S.S.R.”. Januari 1969, mbele ya kamera za filamu, Harrison alimjibu kwa uchungu wa wazi kwamba atapiga atakavyotaka McCartney au hatapiga kabisa, na siku chache baadaye akaondoka kwa muda. Ni vigumu kumhukumu upande mmoja, maana bila msukumo wake kazi nyingi za miaka hiyo ya mwisho zisingekamilika, lakini ni kweli pia kwamba aliwasikia wenzake kama sehemu za wimbo kuliko kama watu waliochoka.

Höfner ya 1961 iliibwa London mwaka 1972 kutoka ndani ya gari, ikapotea kwa zaidi ya miaka 50, mpaka msako wa wapenzi wa muziki ulipoifikia katika dari ya nyumba moja kusini mwa Uingereza, na habari za kurudishwa kwake zikatangazwa Februari 2024. Ilikuwa na nyufa na ikahitaji kutengenezwa. Tarehe 19 Desemba mwaka huo, katika ukumbi wa O2 mjini London, McCartney mwenye miaka 82 aliivaa begani tena mbele ya watazamaji, shingo yake ikielekea kulia kama zamani, na katika onyesho hilo hilo Ringo Starr naye aliketi kwenye ngoma.