Kabla ya kununua vidonge vya seleniamu, pitia kwa mama omena

Umetoka darasani jioni pale Maseno, njaa inauma na pesa za HELB zimebaki za kuhesabu. Unafungua simu, tangazo linakurukia: vidonge vya seleniamu! Kinga imara, ngozi laini, nywele nzito. Kila kidonge kina mikrogramu 200. Rafiki yako wa hosteli tayari ameagiza. Je, na wewe ununue?

Tulia kwanza, tupige hesabu.

Seleniamu ni madini ambayo mwili hauwezi kuyakosa, ila unayahitaji kidogo mno. Hutumika kutengeneza protini zinazolinda seli na kuisaidia tezi ya shingoni kufanya kazi yake. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 55 hivi kwa siku, mjamzito 60, anayenyonyesha 70. Mikrogramu moja ni gramu iliyogawanywa mara milioni! Kwa hivyo kidonge kimoja cha 200 kinapita mara tatu mahitaji yako ya siku, hata kabla hujaonja chakula.

Ni kweli upungufu upo na unaweza kuua. Huko Keshan, China, udongo una seleniamu kidogo, na watu walikufa kwa ugonjwa wa moyo, hasa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Miaka ya 1970 watoto walipopewa vidonge, wagonjwa walipungua sana. Mwenye upungufu, basi, husaidika.

Lakini asiye na upungufu je? Hapa kwetu Mombasa, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwafuatilia wanawake 400 wenye virusi vya HIV. Baadhi walipewa vitamini pamoja na seleniamu kwa wiki sita. Seli zao za kinga aina ya CD4 ziliongezeka, lakini virusi navyo vilionekana zaidi katika majimaji ya uke. Hali hiyo ilijitokeza hasa kwa wale ambao seleniamu yao ilikuwa ya kutosha tangu mwanzo. Dar es Salaam nako, wajawazito wenye HIV walipewa mikrogramu 200 kila siku. Matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha CD4 hazikupanda wala virusi havikushuka. Kwa hivyo mtu asikudanganye uache ARV umeze virutubisho.

Ukizidisha, mwili utakushtaki. Nywele hunyonyoka, kucha hukatika, tumbo huharisha na pumzi hunuka kama kitunguu saumu. Mwaka 2008 zaidi ya watu 200 Marekani waliugua baada ya kunywa kirutubisho cha maji kilichokosewa vipimo kiwandani. Waliokinunua walitafuta afya, kama wewe tu. Ulaya imeweka kikomo cha mikrogramu 255 kwa siku kwa mtu mzima, chakula kikiwemo.

Sasa angalia ulipo. Ziwa liko karibu. Samaki ni miongoni mwa vyakula vyenye seleniamu nyingi, na omena huliwa mzima mzima, kwa hivyo unapata protini na kalisiamu humo humo. Mayai, kuku na nyama pia vinayo. Mahindi na maharagwe hutegemea udongo wa shamba, ndiyo maana ugali na sukuma pekee kila siku si mpango mzuri. Changanya sahani yako.

Na kama unachoka ovyo au nywele zinakutoka, usijitibu kwa tangazo. Pengine ni upungufu wa damu, tezi, au msongo wa mitihani. Nenda kliniki upimwe, na ukiwa tayari unameza dawa yoyote, mwambie daktari au mfamasia kabla ya kuongeza kidonge kingine.

Ukishapimwa na kuambiwa unahitaji seleniamu, meza kwa kipimo ulichopewa. Kabla ya hapo, hizo hela zina kazi sokoni.