Jumapili Iliyorukwa

Msomaji wa Tanga ameuliza: mwaka wenye siku 366 Waingereza wanauitaje leap year, mwaka wa kuruka, ilhali hakuna kinachorukwa? Si siku inaongezwa?

Kinachoruka ni tarehe. Ifuate tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru wa Tanganyika. Mwaka 2022 iliangukia Ijumaa, 2023 Jumamosi. Mwaka 2024 ikaangukia Jumatatu. Jumapili ikapitwa hivi hivi!

Tuseme walinzi saba wanapokezana zamu ya usiku, kila mmoja na siku yake, na wote wanausubiri usiku wa Uhuru kwa sababu una posho. Siku 364 ni mizunguko 52 kamili, kwa hiyo zingekuwa hizo tu, posho ingemwangukia mtu yuleyule maisha. Siku ya 365 inabaki peke yake na kuisogeza posho kwa mlinzi anayefuata. Hapo foleni inakwenda kwa haki. Inapoingia Februari 29 zinabaki siku mbili: posho inampita aliyekuwa akiisubiri na kutua kwa mwenzake. Tarehe za kabla ya Februari 29 huchelewa kuruka. Siku ya Mapinduzi, Januari 12, ilikuwa Ijumaa mwaka 2024, ndipo 2025 ikaruka Jumamosi na kutua Jumapili.

Leap ni neno kongwe. Katika Kiingereza cha kale lilibeba kuruka na kukimbia pamoja. Nduguye wa Kijerumani, laufen, alibaki na kukimbia na kutembea. Waislandi nao husema hlaupár, kwa shina lilelile.

Sisi tuna mwaka mrefu. Ni jina sahihi, ila linahesabu siku na kuuacha mwendo wa tarehe. Darasani ningetumia pia mwaka wa mruko, mtoto apate kuuliza nini kimeruka.

Jua linadai siku 365 na karibu robo, ndiyo maana tunaongeza siku. Na kwa kuwa robo haitimii, miaka ya karne isiyogawanyika kwa 400 ilinyimwa siku hiyo katika marekebisho ya Papa Gregori wa 13, mwaka 1582.

Lakini pwani yetu ina hesabu isiyoruka kamwe. Mwaka wa jadi unaofunguliwa Makunduchi kwa sherehe ya Mwaka Kogwa una siku 365 basi, zikihesabiwa kwa makumi. Robo hailipwi, hivyo kwa hesabu hiyo mwaka mpya hurudi nyuma siku moja kila miaka minne, mwezi mzima kwa takriban miaka 120. Siku hizi huogwa Julai. Hesabu ikiachwa iende yenyewe, itafika Juni.