Ghorofa Gulwe: Vipande vya Kiwandani au Zege la Kumwaga Papo Hapo?

Mwenye kiwanja Gulwe, wilayani Mpwapwa mkoani Dodoma, anayetaka ghorofa moja, fremu za biashara chini na vyumba vya wageni juu, ana njia mbili: anunue nguzo, mihimili na sakafu zilizomwagwa kiwandani, au asuke nondo na kumwaga zege pale pale.

Vipande vya kiwandani vinavutia. Mbao na mirunda hupungua, maji pia, na katika ukame wa Mpwapwa hilo si dogo. Lakini hesabu uzito. Zege lenye nondo lina kama tani 2.5 kwa mita ya ujazo. Mhimili wa mita 6, upana sentimita 30 na kimo sentimita 50, unakaribia tani 2 na robo. Vibarua hawaupandishi huo. Ni kreni, nayo hulipwa kuja, kukaa na kurudi. Ongeza malori. Kwa jengo moja dogo, nafuu ya mbao humezwa yote. Reli ya SGR inayopita Gulwe inaonyesha vipande vinapolipa: mataruma ya zege ya umbo moja, yaliyorudiwa kwa maelfu.

Kinachonitia hofu kuliko bei ni viungio. Dodoma imo katika ukanda wa Bonde la Ufa, na matetemeko hutokea. Kule Armenia, katika tetemeko la Desemba 1988, maghorofa mengi ya vipande yaliporomoka mjini Leninakan, udhaifu wa viungio ukiwa miongoni mwa sababu. Muuzaji asiyekuonyesha mchoro wa kiungo cha nguzo na mhimili, wenye muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa, usimpe hata malipo ya awali.

Zege la papo hapo nalo huharibiwa na maji ya kuzidisha na mirunda inayong'olewa mapema. Peleka sampuli maabara zipimwe siku ya 28.

Msingi, kwa njia yoyote, unataka udongo upimwe kwanza. Na usisahau maji: mafuriko ya bonde la Mto Kinyasungwe yaliikata Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe mwanzoni mwa 2010.

Kwa jengo kama hili, ningemwaga nguzo na mihimili papo hapo, kisha sakafu niipange kwa vimihimili vyepesi vya kiwandani na matofali yenye matundu, vitu vinavyobebwa kwa mikono, na zege jembamba juu yake. Vipande vitupu vitamfaa mwenye majengo kadhaa yanayofanana. Kila anayekupa bei, mtake aitaje kwa mita ya mraba ya sakafu iliyokamilika, kreni na usafiri vikiwa ndani.