Kipeuo cha Pili cha 2: Hoja Isiyohitaji Kipimo

Agosti 1874, Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika Nyangwe, mji wa soko ulioanzishwa na wafanyabiashara wa pwani kwenye ukingo wa kulia wa mto Lualaba. Alikuja na swali lililomsumbua David Livingstone kabla yake: mto huu unakwenda wapi? Livingstone alikaa hapo tangu mwisho wa Machi hadi Julai 1871 akitafuta mitumbwi ya kuufuata, asipate. Aliondoka baada ya kushuhudia watu wakiuawa sokoni tarehe 15 Julai, na alipofariki mwaka 1873 alikuwa bado anakitafuta chanzo cha Nile. Cameron naye alinyimwa mitumbwi. Kwa kuwa hakuweza kuufuata mto, aliupima.

Vipimo vyake vilimwambia kwamba Lualaba pale Nyangwe uko chini kuliko Nile pale Gondokoro, jirani na Juba ya leo, tena unabeba maji zaidi ya mara tano ya yale ya Gondokoro. Hoja yake ilikwenda hivi: tuseme Lualaba ndio Nile. Basi maji yangelazimika kupanda kutoka Nyangwe hadi Gondokoro. Maji hayapandi. Kwa hiyo Lualaba sio Nile, na mto pekee wenye ukubwa wa kuyapokea maji mengi kiasi hicho ni Kongo.

Hoja ya namna hii huanza kwa kuukubali usemi unaotiliwa shaka. Unaufuata hatua kwa hatua, na ukikufikisha kwenye jambo lisilowezekana, unarudi nyuma na kuukana. Wanahisabati huiita uthibitisho kwa ukinzani, na ndiyo inayotumika kuthibitisha kwamba kipeuo cha pili cha 2, yaani √2, hakiwezi kuandikwa kama sehemu: namba nzima moja juu ya namba nzima nyingine. Namba zinazoandikika hivyo, kama 3/4 au 22/7, huitwa namba wiano. √2 si mojawapo.

Kati ya hoja hizo mbili kuna tofauti moja kubwa. Hitimisho la Cameron lilikuwa sahihi, lakini msingi wake ulikuwa vyombo vilivyobebwa kwa miguu kutoka Bagamoyo. Enzi hizo mwinuko wa mahali ulikadiriwa kwa barometa, au kwa kupima joto la maji yanapochemka, na kosa dogo la chombo huzaa kosa la mita nyingi. Ndiyo maana suala halikufungwa mpaka Henry Morton Stanley alipoondoka Nyangwe Novemba 1876, akaufuata mto, na kutokea Boma, karibu na Atlantiki, Agosti 1877. Hoja ya √2 haina barometa ndani yake. Haihitaji safari, na hakuna safari ambayo ingeithibitisha.

Anayetaka kuishika √2 mkononi achukue karatasi ya A4, ile ya fotokopi. Ikunje katikati ya urefu wake: unapata A5, ndogo kwa nusu, lakini umbo ni lile lile. Karatasi nyingi hazina tabia hiyo. Tuite upande mfupi 1 na upande mrefu x. Baada ya kukunja, upande mrefu ni 1 na mfupi ni x/2. Ili umbo lisibadilike, x kwa 1 lazima iwe sawa na 1 kwa x/2, na hapo tunapata x² = 2. Kwa hiyo Wajerumani walioweka kipimo hiki rasmi mwaka 1922 walihitaji karatasi ambayo pande zake zina uwiano wa √2.

Je, waliipata? A4 ina milimita 297 kwa 210. Rahisisha 297/210 na utapata 99/70. Kama hiyo ni √2 kamili, 99 × 99 lazima iwe mara mbili ya 70 × 70. Sasa jaribu: 99 × 99 ni 9801. 70 × 70 ni 4900, na mara mbili yake ni 9800. Imekosa kwa moja tu.

Moja hiyo haitoki kwa bahati. Chukua 7/5: 49 dhidi ya 50. Chukua 17/12: 289 dhidi ya 288. Halafu 41/29: 1681 dhidi ya 1682. Hata ukifika 577/408 unapata 332929 dhidi ya 332928. Kila sehemu katika mfuatano huu hupatikana kutoka iliyotangulia: ukiwa na p/q, inayofuata ni (p + 2q)/(p + q). Kila mara unaisogelea √2 zaidi, na kila mara p² inaikosa 2q² kwa moja, ama juu ama chini.

Hapo mwanafunzi mwerevu huuliza: labda ipo sehemu nyingine yenye tarakimu milioni, ambayo haitakosa hata kwa moja? Swali ni zuri, na kikokotoo hakiwezi kulijibu. Kikiandika 1.414213562, kimeandika sehemu tu, yenye asili ya bilioni moja. Futi kamba nayo husoma milimita, na kila kipimo cha milimita ni namba wiano. Ulalo wa mraba ni √2 mara ya upande wake, na waandishi wa Babeli waliochora mraba na ulalo wake kwenye kibao cha udongo, karibu miaka 3,700 iliyopita, walikuwa na makadirio yanayolingana na 1.414213. Ni makadirio mazuri ajabu, lakini hayasemi lolote kuhusu sehemu ambazo hawakuzijaribu. Sehemu hazina mwisho, na hakuna atakayezijaribu zote. Inatakiwa hoja itakayozikataa zote kwa pamoja.

Kwanza tuweke jiwe moja la msingi. Namba shufwa ni zile zinazogawanyika kwa 2, na witiri ni zile zisizogawanyika. Witiri yoyote huandikwa 2k + 1. Ukiizidisha kwa yenyewe unapata 4k² + 4k + 1, ambayo ni witiri pia. Kwa hiyo namba ambayo mraba wake ni shufwa haiwezi kuwa witiri. Mraba ukiwa shufwa, namba yenyewe ni shufwa.

Sasa tuukubali usemi tunaoutilia shaka. Tuseme √2 = p/q, p na q zikiwa namba nzima, na sehemu hiyo imekwisha kurahisishwa hadi mwisho. Kurahisishwa maana yake p na q si shufwa zote mbili, la sivyo tungezigawa tena kwa 2.

Zidisha kila upande kwa wenyewe, kisha uondoe asili: p² = 2q². Upande wa kulia ni shufwa, basi p² ni shufwa, na kwa jiwe letu la msingi p nayo ni shufwa. Tuiandike p = 2m. Basi p² ni 4m², na mlinganyo unakuwa 4m² = 2q². Gawa kwa 2: q² = 2m². Mambo yamejirudia: q² ni shufwa, basi q ni shufwa.

Kwa hiyo p na q zote ni shufwa, ilhali tulianza kwa kusema haziwezi kuwa shufwa zote mbili. Jambo hilo haliwezekani, na hatua zote za katikati zilikuwa halali. Kosa linabaki mahali pamoja tu: pale tuliposema √2 = p/q. Sehemu hiyo haipo, iwe ya tarakimu mbili au ya tarakimu milioni.

Wengi hukwama kwenye neno “kurahisishwa”, wakidhani ni ujanja wa kuilazimisha hoja. Sio ujanja. Tungeliacha neno hilo, hoja ingetuonyesha kwamba p na q zinagawanyika kwa 2, na nusu zake pia, na nusu za nusu hizo, bila kikomo. Namba nzima kubwa kuliko sifuri haiwezi kugawanywa kwa 2 milele ikabaki nzima. Kurahisisha mwanzoni ni njia fupi ya kusema jambo hilo hilo. Hoja yenyewe ni ya kale: Aristotle aliitaja kama mfano, akisema kwamba kama ulalo wa mraba ungepimika kwa upande wake, witiri ingekuwa sawa na shufwa.

Hoja nzuri haina budi kujaribiwa pale inapopaswa kushindwa. √4 ni 2, namba wiano kabisa. Hoja yetu ikiikataa na hii, basi ina ugonjwa. Tujaribu: √4 = p/q inatupa p² = 4q², kwa hiyo p² inagawanyika kwa 4. Je, p nayo inagawanyika kwa 4? Hapana lazima: 36 inagawanyika kwa 4, lakini 6 haigawanyiki. Jiwe la msingi halipo, na hoja inasimama hapo hapo, kama inavyotakiwa.

Jaribio hilo linatuelekeza kwenye kanuni inayozibeba namba zote. Kila namba nzima kubwa kuliko 1 huvunjwa kuwa namba tasa kwa njia moja tu. Kwa mfano, 12 ni 2 × 2 × 3. Ukiizidisha namba kwa yenyewe, kila namba tasa iliyomo inarudiwa mara mbili ya awali, kwa hiyo ndani ya mraba kila namba tasa hutokea mara shufwa. Sasa tuseme √12 = p/q, yaani p² = 12q². Hesabu namba tasa 3. Upande wa kushoto imo mara shufwa. Upande wa kulia q² ina idadi shufwa, na 12 inaongeza moja: jumla ni witiri. Idadi moja haiwezi kuwa shufwa na witiri kwa pamoja, basi √12 si namba wiano. Plato anasimulia kwamba Theodorus wa Cyrene alithibitisha vipeuo vya namna hii kimoja kimoja, kuanzia cha 3 hadi cha 17. Kwa namba tasa tunazimaliza zote kwa aya moja: kipeuo cha pili cha namba nzima ama ni namba nzima, ama si namba wiano. Hakuna cha katikati.

Fundi mwashi hatabomoa nyumba kwa habari hii. Chumba cha mraba chenye pande za mita 4 kina ulalo wa mita 5.66 hivi, na kamba yake itatosha. Faida iko kwa anayefikiri: kujua tofauti kati ya jambo ambalo bado halijapatikana na jambo lisiloweza kupatikana. La kwanza huamuliwa kwa kuendelea kutafuta, la pili kwa hoja peke yake.

Kwa wanafunzi wa Kasongo na Kabambare, kule kule kwenye eneo la Nyangwe, wanaojiandaa kwa mtihani wa taifa, na kwa walimu wao, nashauri zoezi hili: thibitisha kwamba √3 si namba wiano, kisha peleka hoja ile ile kwenye √9 na uonyeshe kwa kidole hatua inayovunjika. Asiyeweza kuonyesha kwa nini hoja inaiacha 9 ipite, hajaielewa ya 3, hata akiikariri neno kwa neno.